Omu Ishirini kwa Ndoa ya Badria

Jumapili, 8 Februari

Kulwa amekufa. Jana alasiri, kwenye shughuli ya jirani, mbele za watu. Naandika kwa huzuni.

Kulwa ni spika yangu ya kushoto. Doto, ya kulia, ni mzima wa afya. Niliwanunua mapacha hawa miaka sita iliyopita kutoka kwa bendi iliyovunjika. Maboksi meusi, marefu hadi kiunoni, kila mmoja na wufa ya sauti nzito, inchi kumi na tano, tumboni na twita ya sauti nyembamba kichwani. Kwa mapacha hao nimejenga jina: Abdulswamad Sauti Kamili, Magomeni na Vitongoji Vyake. Kadi ninazo, mia tatu. Zimebaki mia mbili na tisini.

Alikufaje? Hata sielewi. Nilichomeka mapacha wote, kisha kwa wema wangu nikaongeza spika mbili za redio ya nyumbani kwenye waya uleule, ili pembe zote za turubai zisikie. Nusu saa sauti tamu. Kisha harufu. Nikadhani pilau linaungua, nikaenda kumwambia mpishi. Alinijibu maneno ambayo siyaandiki. Niliporudi, Kulwa alikuwa anakwaruza kama mtu anayeparua ukoko. Halafu kimya. Ni umeme wa nyumba ile. Mimi simo.

Balaa lenyewe ni hili. Jumapili ijayo, baada ya swala ya Alasiri, mdogo wangu Badria anaolewa na Mrisho, hapa hapa nyumbani. Baba hayupo, huu mwaka wa nne. Kwa hiyo mimi ndiye walii. Mimi ndiye nitakayemshika Mrisho mkono na kumwozesha. Na sauti pia ni mimi. Nani mwingine?

Badria alikuja leo kuniona. Hataki keki ya ghorofa wala gari la maua. Anataka kusikia tu. Mama alikuwa akituhadithia kwamba siku yake alikaa ndani na wanawake, na alijua ameshaolewa pale jirani alipopiga vigelegele. Maneno yenyewe hakuyasikia hata moja. Badria atakaa uani na wanawake, ndiyo desturi, lakini anataka kila neno limfikie kutoka kibarazani. Hasa nitakapotaja jina la baba. Alisema, "Kaka, nikilisikia jina lake pale, nitajua na yeye alikuwepo."

Nikamwambia atasikia mpaka aombe basi. Habari za Kulwa sikumpa. Nimemfunika shuka.

Tatu, mke wangu, ameuliza mbona spika imefunikwa shuka la wageni. Nimesema vumbi. (Tatu hasomi shajara hii. Ameniapia kuwa hajasoma hata ukurasa mmoja, hasa ule nilioandika kuwa chai yake siku hizi nyepesi.)

Zimebaki siku saba. Nyingi mno kwa mtu mwenye akili.

Jumatatu, 9 Februari

Kariakoo. Kwa Bushiri, fundi wa spika, kwenye kile kichochoro chake cha upana wa mtu na nusu. Wufa ya Kulwa niliitia kwenye gunia ili watu wasijue mambo yangu. Kila mtu aliniuliza nimebeba nini. Mbeba mizigo mmoja alikisia sufuria la ubwabwa, mwingine jiwe la kusagia. Hadi nafika, gunia langu lilikuwa gumzo la soko.

Bushiri aliibonyeza wufa kwa vidole viwili, akainusa, akasema koili, ule waya uliozungushwa ndani, imeungua, Mungu ailaze pema. Akaigeuza. Nyuma ya sumaku kuna namba. Miaka sita sijawahi kuiona! Omu nane. Akasema nitafute wufa ya inchi kumi na tano, omu nane kama ya pacha wake, nifunge, nisahau. Au nimwachie hii aifunge koili upya. Ila ana foleni. Kila mtu anaoza kabla Ramadhani haijaingia. Labda Jumamosi, labda Jumatatu.

Nikamwuliza omu ni nini hasa, kwa sauti ya mtu anayempima fundi. Akasema omu ni namba ya kukataa. Amplifaya ni mpishi, spika ni walaji. Mwenye omu nane anakula kwa adabu. Mwenye kumi na sita anakataa sana, anadonoa tu. Mwenye nne hakatai kitu, anakula mpaka ukoko, na ukimwongezea wenzake kwenye sinia hilo hilo, mpishi anazimia. Akasema amplifaya yangu imeandikwa mgongoni: kila upande, isishuke chini ya nne. Akauliza Jumamosi nilichomeka walaji wangapi.

Sikupenda lile swali. Nimeenda kwa fundi wa spika, nikahubiriwa habari za sinia.

Tena nina shaka naye. Palikuwa na vikombe viwili vya kahawa. Nikauliza kimoja cha nani. Akajibu cha Theophil, alipita asubuhi kusalimia. Nilijua! Theophil ndiye hasimu wangu katika biashara hii. Ana spika mpya nne, ana gari la kuzibebea, na ana tabia ya kuniamkia vizuri. Mtu wa namna hiyo ni wa kumwogopa.

Wufa iliyoungua nimemwachia Bushiri. Si kwamba aifunge. Nzito tu.

Jumanne, 10 Februari

Leo dukani kwa Ubeid. Duka la babu yake, na baba yake, na sasa lake. Spika zimepangwa kutoka sakafuni hadi darini, na Ubeid amekaa katikati yake na tasbihi. Tukasalimiana kwa kirefu, nyumbani, watoto, joto. Kisha akauliza nataka omu ngapi.

Nikamwambia nataka inayopiga sana. Akauliza tena omu ngapi. Mimi nimekuja dukani, nalipa kwa pesa yangu, halafu naulizwa maswali ya darasani!

Alikuwa na ya omu nane moja, iliyotumika. Karatasi yake ina kiraka, sumaku yake kama kisahani cha kahawa. Kando yake, loo! Sabufa ya gari. Inchi kumi na tano zilezile. Sumaku kama sufuria la kilo mbili. Ukingo wa mpira mnene, unang'aa. Nyuma omu nne.

Ubeid akanishauri nichukue ya kiraka. Akasema wallahi hiyo ndiyo ya kazi yangu. Ya gari ni ya besi tu, mtu akisemea mle maneno hayatoki, na hiyo nne itanisumbua. Sasa mfanyabiashara anayekusukumia kitu cha bei ndogo, tena kwa kiapo, si ana lake jambo? Nikapiga hesabu zangu kimya kimya. Gari lina betri moja. Kwa betri moja tu, sabufa hii inatikisa mtaa mzima. Je, ikipata umeme wa nyumba?

Nimechukua ya gari. Bei siandiki, kwa sababu zilizotajwa Jumapili.

Kwenye risiti Ubeid ameandika kwa mkono wake: "Mteja ameshauriwa." Nimeichana nilipofika nje.

Jumatano, 11 Februari

Leo upasuaji. Tundu la Kulwa linaikubali sabufa, ila matundu ya skrubu yamekataa kukutana. Nimetumia misumari. Minane. Mmoja umetoboa ukingo wa mpira wa sabufa na mwingine umepita kwenye kidole changu.

Nikajaribu. Kanda ya taarabu kwanza. Subhanallah! Vikombe vilitembea mezani vyenyewe. Paka wa jirani hajaonekana tangu hapo. Mlango wa chumbani, ule usiokaa wazi hata siku moja, ulijibamiza mara tatu. Tatu akanikumbusha kwamba ameniomba kitu cha kuuzuia ule mlango tangu Mfungo Tatu wa mwaka juzi. Huyu anaona mlango, haoni mapinduzi.

Kisha maiki. Nikasema moja, mbili, tatu. Nikamwuliza Tatu anasikiaje. Akasema nasikika kama mtu aliyefungiwa kwenye gunia la unga. Nikamwambia ajaribu uani. Akaenda uani, akarudi. Akasema uani nasikika kama mtu aliyefungiwa kwenye gunia la unga, ila anagonga atolewe.

Badria alipita. Akauliza kishindo kile cha nini. Nikasema maandalizi. Akaniuliza kama nina hakika atasikia. Nikamwambia ataisikia ndoa yake kifuani. Akasema angependa masikioni.

Alhamisi, 12 Februari

Nimeirudisha sabufa kwa Ubeid nibadilishe. Akaona tundu la msumari, akapitisha kidole, akanirudishia. Nikasema basi nipe ile ya kiraka. Imeuzwa! Imeenda madrasa, jana, na wameshukuru sana. Naona kila mtu anakimbilia vitu vyangu.

Iliyobaki ya inchi kumi na tano ni moja. Ya zamani, imetoka kwenye spika za jumba la sinema. Nikaigeuza kuona namba. Kumi na sita!

Nikaelewa yote pale pale. Nne haikuwa na maneno kwa sababu ni namba ndogo. Kumi na sita ni nne mara nne. Ubeid akakataa kuniuzia. Nimeishi miaka arobaini na mbili mjini hapa, sijawahi kukataliwa kuuziwa kitu Kariakoo. Akasema spika za jozi ni kama viatu. Akaniambia niende Mchikichini, mitumba yote ile, nikamtafute anayeuza mguu mmoja namba nane na mwingine namba kumi na sita. Nikamwambia mimi sikuja kununua viatu. Akaniuzia ili niondoke.

Nimeifunga saa nane. Nikasema moja, mbili, tatu. Kila neno safi! Kweli kabisa. Ila mbali. Doto akiwa na nane yake anaita kama mwadhini, Kulwa mpya anaongea kama mgonjwa anayeomba maji. Tatu amesema ni kama kuna mtu mstaarabu anaongea nyumba ya tatu.

Haidhuru. Kulwa nitamweka upande wa wanawake. Wao wanakaa karibu karibu.

Saa kumi akaja Theophil. Shikamoo kwanza, kama kawaida yake, ingawa tumepishana miaka miwili tu. Amesikia kwa watu kwamba nina mgonjwa. Akasema Jumapili spika zake zinapiga kwaya asubuhi, mchana ziko huru. Ataniletea mbili, bure, zawadi yake kwa Badria. Hata jina lake halitatajwa.

Bure! Na jina lisitajwe! Mtu anayetoa bure na asitajwe anataka kitu kikubwa sana. Nimemwambia ndoa ya binti wa marehemu Mzee Shomari haitatangazwa kwa vyombo vya kuazima. Akasema sawa, kaka, nikipiga simu tu yupo. Nikasema asingoje karibu na simu. Tatu alimpa chai. Nzito.

Ijumaa, 13 Februari

Nimepata! Nilipata katikati ya hotuba ya Ijumaa, Mungu anisamehe, imamu alipokuwa anaeleza kuhusu majivuno, na sikusikia mwisho wake.

Kosa langu lilikuwa kuchagua. Ninazo zote mbili! Sabufa ya gari ina nguvu haina maneno. Ya sinema ina maneno haina nguvu. Nne na kumi na sita. Ishirini! Wanaume watakuwa na Doto, omu nane. Wanawake watakuwa na omu ishirini. Hakuna mwanamke katika historia ya Magomeni aliyeolewa kwa omu ishirini.

Nimetoboa lile kabati la zamani la runinga kwa msumeno. Tundu si duara sana, lina umbo la muhogo, lakini sabufa imeingia. Huyu nimempa jina Mgeni. Kulwa na Mgeni watakaa uani kwenye waya mmoja. Tatu aliuliza ruhusa ya kulitoboa kabati nimepata wapi. Nilikuwa na msumeno mkononi, kelele nyingi, sikusikia.

Nikampigia Bushiri kumjulisha. Kwa heshima tu. Akasema hapana, Swamadu, hapana. Zikikaa waya mmoja hivyo omu hazijumlishwi, zinashuka. Nne na kumi na sita pamoja zinakuwa chini hata ya ile nne, na amplifaya itakataa katikati ya kazi. Nikamwuliza shule gani hiyo ambayo nne ukiongeza kumi na sita unapata tatu na kitu. Nikasikia anavuta pumzi. Akasema atajitahidi, akakata simu. Kujitahidi nini, sijui. Lakini mjadala nimeushinda.

Jumamosi, 14 Februari

Jaribio la mwisho. Amplifaya imewasha taa nyekundu ambayo sikuwahi kuiona ikiwaka. Nguvu kamili! Baada ya dakika sita ikajizima yenyewe. Inajiwekea akiba ya kesho. Nimeiwekea feni.

Jumapili, 15 Februari

Naandika haraka, kabla mambo hayajageuzwa na midomo ya watu.

Mchana kila kitu safi. Mikeka kibarazani na chini ya turubai, wanaume wamejaa. Uani wanawake, mashada ya asumini, udi hadi macho yanawasha. Kati yetu ukumbi mrefu wa nyumba, na waya wangu sakafuni, na mwisho wa ukumbi pazia la uani. Doto kwetu. Kulwa na Mgeni kwao. Amplifaya miguuni pangu na feni yake.

Theophil alikuja na kanzu aliyoazima. Gari lake aliliegesha kwenye kona, nyuma kumefunikwa turubai. Nikamwuliza kuna nini humo. Akasema tahadhari tu, kaka. Nikamwambia asogeze gari, linaziba njia ya wageni. Akalisogeza hatua mbili.

Shehe akaanza hotuba ya ndoa. Kwetu, safi kama maji. Nikajipongeza. Mara Shangazi Kijakazi, dada mkubwa wa marehemu baba, akatokeza kwenye pazia, sauti yake haijawahi kuhitaji umeme. Akauliza ni nani aliyewaletea ngoma uani. Wamekaa pale robo saa wanasikia ngoma tu, du, du, du, na nyuma yake mtu ananong'ona. Ndoa iko wapi?

Nikaongeza sauti. Doto akapiga mluzi, shehe akaziba masikio. Nikapunguza. Shangazi akarudi, akasema sasa hata ngoma hakuna. Nikaongeza tena, kidogo kidogo. Taa nyekundu. Nikaigeuza feni.

Basi ikafika. Shehe akaniita nikae mbele ya Mrisho. Nikamshika mkono. Mkono wake ulikuwa baridi, wangu una jasho, shehe akaifunika kwa wake, akaleta maiki mdomoni kwangu. Nilikuwa nimeyarudia maneno yale wiki nzima. Nikasema, "Mrisho bin Mwinyikondo, nimekuozesha dada yangu, Badria binti—"

Paa.

Taa zote za amplifaya zikazima. Doto kimya. Kulwa kimya. Mgeni kimya. Feni tu ndiyo ilikuwa inazunguka. Jina la baba lilikuwa bado mdomoni mwangu.

Na kutoka uani ikaja sauti. Bibi harusi hapayuki siku yake, kila mtu anajua. Huyu alipayuka. "Kaka! Sijasikia!"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilimwona Badria wa miaka saba, siku ile baba anaondoka kwenda Tanga kikazi, amefungiwa mlango wa uani kwa bahati mbaya, anaita kwamba hajaagwa. Nilitazama amplifaya. Nikatazama nyuma, Theophil amesimama, ufunguo wa gari mkononi, ananiangalia. Hakutabasamu. Nilijua kuleta zake na kuzifunga ni nusu saa, na shehe ana ndoa nyingine Ilala kabla ya Magharibi. Nikaona haya. Naiandika hivyo hivyo: niliona haya kuliko siku zote za maisha yangu.

Shehe akasema tuanze upya, yaliyokatika hayahesabiki. Akasema pia mkono usiachiwe.

Sijui ni nani aliyeamua, ni mimi au miguu. Nilisimama. Mrisho akasimama kwa sababu mkono wake ninao. Nikaingia naye ukumbini. Shehe akatufuata ameinua kanzu asikanyage waya, mashahidi wawili nyuma yake, na nyuma yao wazee walioona wasipitwe. Tukapita jikoni, tukapita chumba cha marehemu mama. Tukasimama kwenye pazia. Upande wa pili wanawake wote wakanyamaza. Niliweza kusikia bangili za Badria.

Nikasema bila maiki. "Mrisho bin Mwinyikondo. Nimekuozesha dada yangu, Badria binti Shomari."

Kwenye Shomari sauti yangu ilikatika. Nikalirudia jina, zima, hadi babu. Badria binti Shomari bin Pazi, kwa mahari mliyokubaliana. Mtaa wa pili umesikia. Mrisho akakubali kwa sauti kubwa kama mtu anayenadi shati mnadani, nadhani aliogopa tusije tukaanza mara ya tatu.

Kabla ya vigelegele kulikuwa na muda mdogo sana. Katika muda ule nilisikia Badria anasema, polepole, si kwangu: "Nimemsikia." Halafu vigelegele.

Nililia. Naandika kwa sababu hakuna atakayesoma. Nililia nimemshika Mrisho mkono, naye akashindwa kuutoa. Theophil pia alilia, tena kunizidi, mtu wa mashindano yule.

Jumatatu, 16 Februari

Mtaa mzima umeshajua nililia. Tatu anasema hajasoma popote, aliniona.

Badria amepiga simu asubuhi. Amesema tangu nianze kazi hii sijawahi kutoa sauti nzuri kama ya jana. Nimemshukuru. Nimemwambia ilikuwa kazi ya wiki nzima.

Shangazi Kijakazi naye amekuja mwenyewe. Anataka nisimamie sauti kwenye harusi ya mjukuu wake, Mfungo Mosi, baada ya Idi. Ila kwa sharti moja, nije mikono mitupu. Nimeliona jambo hilo la heshima sana. Mkubwa habebi mizigo.

Nimekaa na kutafakari kwa unyenyekevu nini kilienda kombo jana. Si vigumu kuona. Omu ishirini zilikuwa chache. Mwenyewe nilipunguza uwezo kwa kuogopa. Nimempigia Ubeid, ana sabufa mbili zaidi za gari, omu nne nne. Aliuliza kama nyumbani kuna mtu mwingine wa kuongea naye. Nne, nne, nne na kumi na sita. Ishirini na nane! Theophil, maskini, na upya wake wote, kila spika yake ina nane tu. Nimeuliza.

Mchana akapita Bushiri. Amekuja na ile wufa ya Kulwa kwenye gunia langu. Ameifunga koili upya, omu nane zilezile, zawadi kwa Badria. Kumbe aliiweka mbele ya foleni yote, akamaliza jana saa kumi, akaja mbio, akakuta tumeshafika kwenye pazia. Akasema niirudishe mahali pake, mapacha watakuwa mapacha tena. Nimeipokea kwa mikono miwili. Kazi safi, hata harufu imekwisha. Nzito vilevile.

Nimeiweka kwenye mlango wa chumbani. Upepo wa kaskazi umevuma tangu saa nane na mlango haujasogea hata unywele. Tatu ameutazama, ametazama na Kulwa, ametikisa kichwa akaingia ndani, nadhani kwa furaha. Bushiri ni fundi hodari, sikatai. Kasoro yake ni moja, hajui kazi zake zinafaa wapi.